Tambi Kali za Sichuan Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayetaka kupika tambi kali za Sichuan, jimbo la kusini-magharibi mwa China, na hasa zile ziitwazo dandan mian. Nimezichagua hizo kwa sababu ukishazimudu, tambi nyingine nyingi kali za Kichina utaziweza bila shida. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: ukali ni rahisi, yeyote anaweza kumwaga pilipili sufuriani. Kazi iko kwenye harufu, na harufu inatoka kwenye mafuta. Ndiyo maana jibu la mafuta ni refu kuliko mengine yote.

Dandan mian ni tambi za namna gani?

Ni tambi nyembamba za ngano. Mchuzi wake haupikwi. Unachanganywa ndani ya bakuli kabla tambi hazijaiva: mafuta ya pilipili, soya sosi, siki nyeusi, ufuta uliosagwa na pilipili ya Sichuan yenye kutia ganzi. Tambi zikitoka motoni zinatuliwa juu yake, kisha nyama ya kusaga iliyokaangwa ikakauka, na majani ya haradali yaliyohifadhiwa kwa chumvi. Mlaji huchanganya mwenyewe.

Zamani wachuuzi wa Sichuan walizitembeza mitaani kwa mizegazega, upande mmoja jiko na sufuria, upande wa pili tambi, bakuli na viungo. Hadi leo huko huliwa katika bakuli dogo. Jirani yake ni Chongqing, mji uliokuwa sehemu ya jimbo la Sichuan mpaka ulipotengwa mwaka 1997, na wenyewe wana tambi zao ziitwazo xiaomian, ambazo watu hula asubuhi kabla ya kwenda kazini, nyingi bila nyama kabisa. Ukiwa na mafuta mazuri ya pilipili, xiaomian ndicho chakula cha haraka kuliko vyote ninavyovijua.

Nilikwenda China kununua bidhaa, nikala tambi, na hazikuwa kali hata kidogo. Kwa nini?

Bila shaka ulikuwa Guangzhou, ambako wafanyabiashara wengi wa kwetu hufikia. Mapishi ya Guangzhou ni ya upole: supu nyeupe, kamba, tangawizi kidogo. China ni kubwa na kila pande ina ulimi wake. Ukali uko Sichuan, Chongqing, Hunan, Guizhou. Huko Shaanxi kuna tambi pana zinazowekewa pilipili ya unga juu, halafu mafuta ya moto yanamwagwa mbele yako.

Midomo yangu ilikufa ganzi. Je, ni mzio?

Hapana, ndivyo inavyotakiwa. Hiyo ni kazi ya pilipili ya Sichuan, Wachina wanaiita huajiao. Haina undugu na pilipili manga wala na pilipili kali. Ni ganda la tunda dogo la mti wa miiba ulio katika ukoo mmoja na michungwa na milimau, na ukilisugua kiganjani linanukia maganda ya ndimu. Ndani yake mna kemikali iitwayo sanshuli, inayogusa neva za midomo na ulimi. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliupima msisimko huo wakakuta mlaji anauhisi sawa na mtetemo wa mara 50 hivi kwa sekunde. Ganzi hupita baada ya dakika chache. Midomo au koo vikivimba, au pumzi ikibana, hilo ni jambo jingine: nenda hospitali.

Huajiao ilikuwako China maelfu ya miaka kabla ya pilipili kali, iliyoletwa kutoka Amerika. Maandishi ya Kichina yanaitaja pilipili kali kwa mara ya kwanza mwaka 1591, katika kitabu cha Gao Lian, na aliisifia kama mmea wa mapambo. Kwa hiyo ganzi ndiyo mkongwe wa jiko la Sichuan, ukali ni mgeni aliyepewa uenyeji.

Nitaipata wapi, na nitajuaje kama ni nzuri?

Maduka ya vyakula vya Kichina ya Dar es Salaam na Nairobi huwa nayo. Walioko Ulaya, Ghuba au Marekani wataipata bila taabu. Marekani ilizuia kuiingiza kuanzia 1968 mpaka 2005 kwa kuogopa ugonjwa wa michungwa, na ndiyo sababu vitabu vya zamani vya mapishi vya huko vinakwambia haipatikani.

Fungua pakiti unuse. Nzuri inakupiga puani mara moja, na ukitafuna ganda moja ulimi unaanza kucheza katika nusu dakika. Iliyokaa sana dukani inanuka vumbi, usiinunue hata ikiwa bei ya kutupa. Ukifika nyumbani toa vijiti na zile mbegu nyeusi zinazong'aa, maana hazina ladha na zinasaga meno kama mchanga. Kaanga maganda kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka yanukie, dakika mbili tatu, yapoe, yatwange kwenye kinu, uchekeche. Twanga kidogo kidogo. Ukiweka unga wake mwezi mzima utabaki na rangi tu.

Nikiikosa, niweke pilipili manga?

Usiweke, haina ganzi wala ile harufu ya ndimu. Kuna anayeuliza pia kuhusu mjafari wa kwetu, na swali lake lina msingi, kwa sababu mjafari ni wa jenasi ileile, Zanthoxylum. Lakini mjafari kwetu ni mti wa dawa, magome na mizizi yake ina nguvu zake, na mimi sishauri mtu aujaribu kwenye chakula kwa kubahatisha. Kuna maganda ya ndimu: kwaruza kidogo juu ya bakuli upate angalau harufu. Ganzi utaikosa na chakula bado kitakuwa kitamu.

Nitumie pilipili gani?

Pilipili kavu nyekundu, zilizosagwa zikabaki na chenga. Unga laini unaungua haraka na kugeuka tope. Sichuan huchanganya aina mbili: moja ndefu yenye harufu na rangi, isiyo kali sana, na nyingine ndogo ya kuleta moto. Fanya vivyo hivyo. Ya kwanza itafute kwenye maduka ya viungo ya Kihindi, zile ndefu zenye mikunjo, nyekundu iliyoiva. Ya pili ni pilipili kichaa iliyokaushwa. Anza na sehemu tano za ile ndefu kwa moja ya kichaa, kisha rekebisha kadiri ya mdomo wa nyumba yako.

Pilipili mbuzi naipenda mno kwenye supu na kwenye samaki, ila hapa iache. Ina harufu nzito ya matunda inayofunika kila kitu, na bakuli zima litanukia pilipili mbuzi tu.

Mafuta ya pilipili yanatengenezwaje?

Hapa ndipo penye chakula chenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka.

Chukua gramu 60 za pilipili ya chenga, iweke kwenye bakuli la chuma au udongo linalostahimili moto, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu mafuta yatafura. Ongeza kijiko cha chakula cha ufuta mzima na chumvi kidogo. Liweke bakuli juu ya kitu kikavu kisichoteleza, na watoto wawe mbali.

Mafuta ni mililita 350. Huko Sichuan hutumia mafuta ya mbegu za rapa zilizokaangwa, mazito na ya rangi ya dhahabu. Kwetu alizeti inatosha kabisa. Ile ya kukamua ya Singida ina harufu yake ya ubichi, hivyo ipashe kwanza mpaka harufu hiyo iishe, kisha iache ishuke joto. Mafuta ya nazi na ya mawese yaache, kwa sababu yana tabia zao.

Tia ndani ya mafuta vipande vya tangawizi, vitunguu vya majani vilivyokatwa virefu, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili na, ukiwa nalo, lile tunda kavu lenye umbo la nyota lenye harufu ya shamari. Moto uwe mdogo. Vitu hivi vitatoa mapovu ya maji yao kwanza, taratibu, na jiko litaanza kunukia. Subiri vitunguu vikauke na kuwa kahawia, si vyeusi, kisha vitoe vyote kwa chujio. Umebaki na mafuta yaliyokwisha kula harufu.

Sasa joto. Ukiwa na kipimajoto, tafuta nyuzi 180 hivi. Usipokuwa nacho, dondosha chenga moja ya pilipili ndani ya mafuta. Ikizama kimya, bado. Ikiwa nyeusi papo hapo, yamezidi, zima jiko usubiri. Ikipanda juu ikichemka kwa sauti ndogo na kubaki nyekundu, hapo hapo.

Mwaga kwa awamu tatu. Ya kwanza ni theluthi moja: pilipili itafura, ikoroge haraka kwa kijiko cha chuma, na utasikia harufu ya karanga zinazokaangwa. Subiri dakika mbili, mafuta yaliyobaki yapungue joto, mwaga theluthi ya pili, na hapa utaona rangi ikianza kutoka, wekundu unaotambaa kutoka chini kwenda juu. Subiri tena, malizia. Awamu ya kwanza inatoa harufu, ya pili rangi, ya tatu ukali. Mwisho dondosha nusu kijiko cha chai cha siki. Itachemka kwa kishindo kidogo, kwa hiyo simama pembeni.

Usiyatumie siku hiyo. Funika, acha mpaka kesho. Asubuhi utakuta mafuta mekundu yanayong'aa juu na pilipili imetuama chini, na ladha itakuwa imekaa pamoja. Unapopakua, chota vyote viwili.

Yangu yamekuwa meusi na machungu. Yanaokoleka?

Hayaokoleki. Sukari haifichi uchungu wa pilipili iliyoungua. Mwaga, anza upya na mafuta yasiyo moto sana. Yakitoka mekundu lakini hayana harufu, kosa ni kinyume chake: mafuta yalikuwa baridi. Hayo yanaokoleka, yarudishe kwenye moto mdogo kabisa na ukoroge bila kuondoka mpaka yanukie.

Naweza kuweka kitunguu saumu kibichi ndani ya chupa ili kikae humo?

Usifanye hivyo. Kitunguu saumu na tangawizi mbichi vikizama ndani ya mafuta vinakosa hewa, na mahali penye unyevu pasipo na hewa, kwenye joto la kawaida, bakteria wa botulismu wanaweza kukua na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Ugonjwa wake unaua. Ndiyo maana tulivitoa vyote kwa chujio. Ukitaka saumu, twanga punje moja utie kwenye bakuli wakati wa kula. Mafuta yaliyochujwa vizuri yaweke kwenye chupa kavu ndani ya friji, na uchote kwa kijiko kikavu kila mara.

Mchuzi wa bakuli unachanganywaje?

Kwa mlaji mmoja: vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya pilipili pamoja na pilipili yake, kijiko kimoja na nusu cha chakula cha soya sosi, kijiko kimoja cha chakula cha ufuta uliosagwa, kijiko cha chai cha siki, nusu kijiko cha chai cha sukari, robo kijiko cha chai cha huajiao iliyotwangwa, na punje moja ya saumu. Anza kwa kuulegeza ufuta na maji ya moto kidogo, ndipo uongeze vingine. Ukivimwaga vyote pamoja unajigandia mabonge.

Kabla tambi hazijatoka, chota vijiko vitatu vya maji yake utie bakulini. Maji hayo yana wanga, na wanga ndio unaoshikanisha mafuta na soya vikakubali kupaka tambi. Watu wengi hukiruka kitu hiki kidogo kisha wanalalamika kwamba mchuzi umebaki chini ya bakuli.

Siki nyeusi ya Zhenjiang ndiyo inayofaa, ina utamu wa mbali. Ukiwa na siki nyeupe tu, punguza nusu na uongeze sukari kidogo.

Ufuta au siagi ya karanga?

Ufuta, na hapa sitaki ubishi mwingi. Lindi na Mtwara wanalima ufuta mzuri, na sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania husafirishwa kwenda China. Inapendeza kuutumia nyumbani kwa chakula kilekile unachokwenda kupikiwa huko. Ukaange mpaka uwe kahawia wa dhahabu, usage ungali na joto pamoja na mafuta kidogo. Tahini ya Waarabu kwa kawaida hukaangwa kidogo tu au haikaangwi kabisa, ni nyeupe na ina uchungu wa mbali, lakini itakufikisha. Siagi ya karanga inaleta utamu mwingi. Karanga zenyewe, zilizokaangwa na kupondwa, zinyunyize juu.

Lazima niwe na doubanjiang?

Kwa dandan mian, hapana. Doubanjiang ni chachu ya maharage makubwa ya bapa, pilipili na chumvi. Ya sifa inatoka Pixian, pembezoni mwa Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, na hukaa mwaka na zaidi kwenye mitungi. Ukiipata, kaanga kijiko kimoja cha chai pamoja na nyama mpaka mafuta yawe mekundu. Ina chumvi kali, punguza soya.

Nyama ni ya nguruwe? Sisi ni Waislamu.

Sichuan hutumia nguruwe, na mapishi mengi huongeza mvinyo wa mchele. Vyote viwili viache bila wasiwasi. Tumia nyama ya ng'ombe ya kusaga, gramu 250 kwa watu wanne. Ikaange kwa moto wa wastani mpaka maji yake yaishe, mafuta yaonekane safi na nyama ianze kulia kwenye karai. Hapo ongeza tangawizi, soya sosi kijiko kimoja na chumvi. Iwe kavu, yenye chenga. Nyama yenye majimaji inaua tambi. Badala ya mvinyo, tangawizi inatosha kuondoa shombo. Soma pia kibandiko cha soya sosi na siki, baadhi vimeongezwa pombe.

Na mkisafiri China, tafuteni mikahawa ya tambi za Lanzhou. Mingi huendeshwa na Waislamu wa huko, nyama ni ya ng'ombe, na mafuta ya pilipili yako mezani.

Majani ya haradali nitayatoa wapi?

Yale yenyewe yanaitwa yacai, yanatoka Yibin. Ukiyakosa, chukua mashina ya chainizi ya sokoni, yakate madogo, yafikiche na chumvi, yakae saa mbili, yakamue kwa nguvu, uyaanike jua la siku moja. Kisha yakaange na sukari kidogo. Majani yake laini usiyatupe, yachovye kwenye maji ya tambi nusu dakika uyaweke bakulini.

Tambi gani? Naweza kutumia spageti?

Tambi kavu za ngano za Kichina zisizo na mayai ni nzuri. Spageti nyembamba nayo inafaa, kwa hila moja: kwenye kila lita ya maji ya kuchemshia tia vijiko viwili vya chai vya bekingi soda, ile isiyo pauda. Maji yatatoa povu, hivyo sufuria iwe kubwa. Spageti itatoka ya njano kidogo, inayoteleza na yenye kuvutika, karibu sana na tambi za Chongqing. Isuuze kwa maji ya moto, na kwa bakuli tumia maji ya kawaida badala ya yale ya kuchemshia, yana ladha ya sabuni.

Za pakiti zilizokaangwa ziache, zinanyonya mchuzi wote zikalegea.

Nataka kuzitengeneza mwenyewe. Na je, magadi yanafaa?

Unga wa ngano gramu 400, maji gramu 165, chumvi gramu 4, na gramu 4 za soda iliyookwa. Hiyo soda ni bekingi soda iliyotandazwa kwenye sinia na kuokwa saa moja kwa nyuzi 120 au zaidi kidogo. Inapoteza mvuke na hewa, inabaki kali zaidi, na hiyo ndiyo inayoipa tambi mkazo na rangi. Usiishike kwa mkono wenye maji, inawasha. Iyeyushe kwenye maji ya kukandia.

Magadi ya ziwani, ya Magadi kule Kenya au ya Natron upande wa Tanzania, kikemia ni jamaa wa karibu, na bibi zetu wanayatia kwenye maharage na kisamvu. Tatizo ni kwamba magadi ghafi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, inayoharibu meno ya watoto. Soda ya kuoka ni salama zaidi.

Donge litakuwa gumu na lenye mapengo, tofauti kabisa na la chapati. Usiongeze maji. Lifunike nusu saa, likande, lifunike tena. Lisukume jembamba kwa mpini wa chapati, nyunyiza wanga wa mahindi, likunje, ulikate kwa kisu kikali nyuzi za milimita mbili. Zichemshe dakika mbili, onja moja.

Watoto wanakula?

Wangu wanakula bakuli la ufuta, soya, nyama na karanga, bila pilipili. Kwa sababu kila bakuli linachanganywa peke yake, nyumba moja inaweza kula ukali wa kila daraja kutoka sufuria moja. Huajiao pia usiwape wadogo, ganzi inawatisha.

Ukali umenizidi. Maji hayasaidii.

Hayawezi kusaidia, kemikali ya ukali haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kunywa maziwa au mtindi, ambavyo protini na mafuta yake huinasa. Mikono iliyoshika pilipili ipake mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni. Usijishike macho.

Je, ajinomoto ina madhara?

Wapishi wa Sichuan huitumia waziwazi. Ilitengwa na Kikunae Ikeda huko Japani mwaka 1908, na kwa kiasi cha jikoni, robo kijiko cha chai, mamlaka za usalama wa chakula zinaihesabu kuwa salama. Ikiwa soya sosi yako ni nzuri huenda usiihitaji.

Wageni wanakuja. Nipike mapema?

Mafuta tengeneza siku mbili kabla, nyama asubuhi, mabakuli yachanganye nusu saa kabla hawajakaa. Tambi zichemshe wakiwa mezani, kwa awamu, watu wawili wawili. Zikikaa dakika tano zinashikana na huna la kufanya. Anayetangulia kupewa aambiwe achanganye na ale, asisubiri wengine.

Zikibaki?

Kama zimeshachanganywa, zile usiku huohuo. Zilizochemshwa tu zisuuze kwa maji ya baridi, zipake mafuta kidogo, ziweke kwenye friji. Kesho yake Sichuan huzila baridi hivyohivyo, na matango yaliyokatwa nyuzi, mchuzi uleule, siki ikiongezwa mara mbili.